Kidole cha Mama na Meno ya Binti Yangu

Siku binti yangu alipomuuma mama yangu kidole, wanawake waliokuwa uani walipiga vigelegele, na mimi, mwanamume mzima mwenye ndevu, nikalia. Najua jambo hilo linahitaji maelezo. Mtoto wetu si mtoto wa kuuma watu. Ana miaka sita, hupiga magoti akisalimia wakubwa, na kwa kawaida meno yake huyatumia kwa muwa. Lakini siku hiyo aliuma, tena kwa moyo wake wote, na mpaka alama ilipofutika mama yangu alikuwa akiwaonyesha watu kile kidole kana kwamba amevishwa pete.

Mimi ni fundi wa maturubai. Pale Busia, upande wa Kenya, malori hupanga foleni kusubiri kuvuka, na hakuna lori lisilokuwa na turubai lililochanika mahali fulani. Nina sindano ndefu, uzi wa nailoni na donge la nta, na nina kiti changu kando ya barabara. Nafanya kazi Kenya, nalala Uganda, na katikati nasalimiana na maafisa wa nchi mbili ambao wameshachoka kuniona. Mke wangu ni Msamia, ana kibanda cha kusuka nywele upande wa Uganda. Mimi ni Mteso wa Tororo. Yeye hajui Kiteso cha maana na mama yangu hajui Kisamia, kwa hiyo nyumbani kwetu tunasemezana kwa Kiswahili cha mpakani, kile ambacho watu wa pwani wakikisikia hushika kichwa.

Nikiri pia kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu. Hunijia upesi na kuondoka upesi, na baadaye sikumbuki nilikuwa nimekasirikia nini. Hasira za mke wangu ni za mbali. Husafiri wiki nzima kabla ya kufika, na zikifika hukaa.

Tuliishi bila mtoto muda wa kutosha kila shangazi kutushauri dawa yake. Tulikunywa mizizi, tukaombewa, tukapimwa. Mwisho mke wangu akaweka kichana chini, siku moja tukiwa tunakula, akasema, "Kuna watoto wanatafuta wazazi. Sisi tunatafuta mtoto. Kwa nini hatukutani?" Nikajibu kwamba nitafikiria. Nilifikiria mpaka nilipomaliza ugali uliokuwa kwenye sahani, kisha nikasema sawa.

Sikujua kwamba kumpata mtoto kwa njia hiyo kunahitaji kukaguliwa hivyo. Afisa wa ustawi wa watoto alikuja nyumbani kwetu, akatazama tunapolala, akatazama choo, akainua hata kifuniko cha sufuria. Nilipandwa na hasira, nikamuuliza mke wangu kwa sauti iliyosikika kama jirani yetu mwenye watoto saba aliwahi kukaguliwa choo. Mke wangu akanikanyaga mguu. Yule afisa akacheka, akasema yeye angependa sana kukagua vyoo vya wazazi wote, ila sheria inampa chetu tu. Tangu hapo nilimpenda.

Mtoto alikuja kwetu akiwa na miaka miwili na kidogo, ameshika kikombe cha plastiki cha bluu ambacho hakukiachia wakati wa kula, kuoga wala kulala. Tuliambiwa habari zake zote, ambazo zilikuwa chache. Aliachwa akiwa mchanga kwenye veranda ya zahanati moja, alfajiri, amefungwa kwa leso safi ya kanga. Waliomkuta walisema amefungwa vizuri sana, kichwa kimefunikwa, mikono iko ndani, fundo limekaa mahali pasipomwumiza. Mke wangu alilishika hilo fundo moyoni. Mtoto alipoanza kuuliza maswali, alimweleza hivyo hivyo: hatumjui mama aliyekuzaa, ila tunajua alikufunga vizuri. Hatujawahi kumficha. Anayemficha mtoto habari zake anawaachia majirani kazi ya kumweleza, na majirani zetu hawahitaji kuongezewa kazi.

Tulimlea kwanza kwa muda, kama sheria inavyotaka, ndipo tukaitwa mahakamani. Nilivaa suti ya harusi yangu, ambayo ilikuwa imepungua tumboni. Hakimu, mama mmoja mwenye miwani, alimwita binti yetu mbele, akaninyooshea kalamu na kumuuliza, "Huyu ni nani?"

"Fundi," akasema mtoto.

Pale kwenye malori kila mtu ananiita hivyo, na yeye alikuwa akishinda na mimi huko. Lakini nilihisi sakafu inaondoka. Nikajua yamekwisha, mtoto anarudishwa. Hakimu akainama. "Fundi wa nini?"

"Wa kila kitu," akasema, akaja kukaa kwenye mguu wangu na kikombe chake.

Hakimu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Tulitoka pale tukiwa watu watatu wa nyumba moja.

Shuleni binti yangu huwaambia wenzake kwamba yeye alipatikana kortini. Mmoja akamuuliza aliiba nini. Akajibu, "Sikuiba kitu. Baba na mama walikuwa wananitaka sana, hakimu akawaambia basi mchukueni." Mwalimu wake alitupigia simu kutusimulia, akicheka mpaka simu ikakatika. Na madereva wa malori, ambao hawajui lolote, huninyooshea kidole wakiwa juu ya kabini: "Fundi, huyu ni fotokopi yako! Angalia hiyo paji la uso!" Kweli tuna mapaji mapana sote wawili. Siwasahihishi. Mke wangu husema kama angejua paji la uso huambukiza angelala upande ule mwingine wa kitanda.

Basi nyumba yetu ilikuwa na furaha yake, isipokuwa mama yangu.

Sitaki aeleweke vibaya. Mama hakumkataa mtoto. Mara ya kwanza tulipompeleka Tororo, alitandika mkeka, akachinja kuku, akamketisha karibu naye. Lakini alimwita mgeni. "Mgeni amekula?" "Mgeni nasikia baridi, leta sweta." Nilidhani ni mzaha wa siku moja. Ukapita mwaka, ikapita mingine, bado ni mgeni. Na kila tulipokwenda, kuku akipikwa, watoto wa ndugu yangu waligombania shingo na miguu kama watoto wote wa nyumba hiyo tangu enzi, mimi nikiwemo, wakati binti yangu aliwekewa paja. Paja zima, lenye mafuta. Yeye alifurahi, nani asiyependa paja? Mimi kila nikiliona lile paja kwenye sahani yake lilinichoma, kwa sababu nyumbani kwa mama yangu paja ni la mtu anayekuja na kuondoka.

Na kulikuwa na jambo la kidole.

Kwetu mtoto ana majina mawili. La kwanza wazazi hujichagulia wenyewe, la kanisani au la kupendeza, hilo ni shauri lao. La pili ni la nyumba, na hilo mzazi hana usemi. Hupikwa pombe ya wimbi, yaani ulezi, watu hukusanyika, nyanya hukaa mbele ya mlango wake na mtoto mchanga mapajani. Huchovya kidole kwenye pombe, hukiweka kwenye midomo ya mtoto, na huku anaita jina la mtu wa nyumba hiyo aliyekwisha kufa. Mtoto akikataa, nyanya anachovya tena na kuita jingine. Jina ambalo mtoto atanyonya kidole likiitwa, hilo ndilo lake, maana mwenye jina amemkubali. Mama yangu ni mtu wa kanisa, hukaa benchi la mbele, lakini kidole chake kimepita midomoni mwa wajukuu wake wote. Wote isipokuwa mmoja.

Niliwahi kuuliza nikiwa mdogo: na mtoto akikataa majina yote? Niliambiwa haijawahi kutokea, na nikaambiwa ninyamaze.

Kwa binti yangu mama alikuwa na sababu kila msimu. Mara wimbi halijakauka. Mara mvua. Mara kuna kilio kwa jirani, si vizuri kufanya sherehe. Mimi nilimeza. Kisha mke wa ndugu yangu akajifungua, na ghafla wimbi likakauka, mvua ikaacha, majirani wakaacha kufa. Tukaenda wote kushuhudia. Mtoto mchanga alinyonya jina la pili tu, watu wakashangilia, na watoto wakaanza kuelezana kila mmoja alinyonya jina gani na ni la nani. Wakamgeukia binti yangu. Alikuja akaniuliza mbele ya watu wote, bila uchungu, kama mtu anayeulizia kiatu chake, "Baba, na mimi kidole changu kilisema nini?"

Nikamwambia nitamuuliza nyanya. Nilihisi aibu, na baada ya aibu ikaja ile hasira ya karibu.

Kesho yake sikwenda kwenye malori. Nilipanda boda mpaka Tororo, na kutoka pale mwamba wa Tororo unapoanza kuonekana nilikuwa nikipanga maneno. Mama alikuwa uani anaanika wimbi juu ya turubai nililomshonea mwenyewe. Nilianza kufoka kabla dereva hajazima pikipiki. Nikasema mtoto wangu si mgeni. Nikasema hakimu amesema, serikali imesema, kanisa limesema, ni yeye tu aliyebaki. Nikasema kama damu ndiyo anayotafuta basi aende akaitafute kwenye kichinjio. Yule dereva wa boda alisahau kudai nauli, akakaa kusikiliza.

Mama aliendelea kutandaza wimbi kwa kiganja mpaka nikaishiwa pumzi.

"Umemaliza?" akauliza. "Sasa vua viatu, wewe nakanyaga wimbi yangu."

Nilivua viatu.

"Hii majina si yangu," akasema. "Ni ya watu. Mimi nikiita, wao nakuja. Sasa huyu mtoto iko na watu yake. Iko na nyanya mahali, iko na babu, wengine wamekufa. Sisi hatujui wao. Mimi nikiita watu yetu juu ya huyu mtoto, wale yake watasema nini? Watasema huyu mzee ya Tororo ameiba mtoto yetu."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja.

"Na kama yetu wakikataa?" akaendelea, sasa bila kunitazama. "Mtoto mchanga hajui kitu. Huyu anajua. Mimi nikiita majina yote, yeye akose kunyonya, watu wote naangalia? Hiyo maneno atabeba mpaka azeeke. Ndiyo maana mimi naita yeye mgeni. Mgeni hakuna mtu anafukuza."

Nilikaa chini, pembeni mwa turubai. Miaka yote nilidhani mama anamweka binti yangu mlangoni, kumbe alikuwa amemficha mahali ambapo hakuna aliye hai wala mfu angeweza kumwambia hapana. Nilimpenda mama yangu siku ile kuliko nilivyojua kumwambia, kwa hiyo nilimsaidia kugeuza wimbi.

Mke wangu nilipomsimulia, alimaliza kwanza msuko mmoja wa mteja. "Mama anaogopa kama sisi tulivyoogopa kortini," akasema. Akafuta mikono, akachukua simu, akampigia mkwe wake. Nilimsikia akisema, "Mama, wale watu yake tuwaalike pia. Hata kama hatujui majina. Wageni nao nakunywa." Kisha akacheka, akakata simu, akaniambia, "Amesema tulete wimbi. Yake haitoshi watu wengi hivyo."

Siku yenyewe uani palijaa. Wajomba walikuwa wamezunguka chungu na mirija yao mirefu, tena wameanza mapema ili kuhakikisha pombe iko sawa. Wanawake walikuwa jikoni. Mama aliamua binti yangu akae mapajani kama mtoto mchanga, na hakukubali ushauri. Basi akapakatwa, msichana wa darasa la kwanza, miguu mirefu ikigusa ardhi, gauni la Krismasi, kikombe cha bluu mkononi. Kikombe kile alikuwa ameshakiacha tangu alipoanza shule. Asubuhi hiyo alikitafuta mwenyewe chini ya kitanda.

Mimi nilisimama karibu na ukuta.

Kabla ya yote mama aliomba kibuyu cha pombe, akamimina kidogo chini, upande wa njia. "Nyinyi wenye mlizaa huyu," akasema kwa sauti yake ya kanisani, "mimi sijui majina yenu. Karibuni. Yule mwenye alimfunga leso vizuri, kama uko hapo, wewe kunywa kwanza. Kama uko hai mahali, basi yako tutakuwekea. Sisi hatuibi mtoto. Sisi nampa watu wengine juu ya wale iko nao." Mke wangu alijifunika uso kwa mtandio. Hata wajomba waliitoa mirija mdomoni.

Kisha mama akachovya kidole, akakiweka kwenye midomo ya binti yangu, akaita jina la kwanza.

Mtoto akafumba mdomo.

Hilo ni kawaida. Mama akaita la pili. Mtoto akafumba zaidi. La tatu, akageuza uso. La nne, machozi yakaanza kumtoka, lakini mdomo ulibaki umefungwa kabisa. Mama aliita majina ya wanaume na ya wanawake, ya upande wa baba yangu na ya upande wake mwenyewe, na kila alivyoita sauti yake ilikuwa ikishuka. Likaja jina la mwisho, la bibi mmoja wa zamani ambaye hata mimi sikuwahi kumsikia, na binti yangu akalitikisia kichwa.

Kumbe haijawahi kutokea, na sasa imetokea. Nilitaka kumbeba mtoto wangu nikimbie naye mpaka Busia bila kupumzika.

Ndipo alipofungua mdomo kidogo, pembeni, kama mtu anayeogopa kumkosea adabu mkubwa. "Nyanya," akasema, "kidole chako kiko na pilipili."

Mama akakiangalia kidole. Akakinusa. Akakionja. Asubuhi ile, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine, alikuwa ametwanga mwenyewe pilipili ya kachumbari, na kwa wasiwasi wake akanawa mikono kama watu wanavyonawa siku wana haraka. Alianza kucheka kabla yetu. Alicheka mpaka binti yangu akawa anarukaruka mapajani mwake, na uani pote pakalipuka. Mke wangu alileta sabuni na beseni, akamnawisha mkwe wake kile kidole kama anayenawisha mtoto.

Mjomba wangu mkubwa, ambaye hupenda utaratibu hasa akishalewa kidogo, alisimama na mrija wake akauliza kama wafu wanaweza kuitwa mara mbili siku moja. "Wamekataa," akasema. "Tumeona wote."

"Hawajaulizwa," mama akamjibu. "Pilipili ndiyo imeulizwa. Keti chini."

Akaketi.

Duru ya pili haikufanana na duru yoyote niliyowahi kuona, kwa sababu mtoto mchanga hukubali au hukataa, lakini huyu alikuwa na maswali. Mama alipoita jina la kwanza, binti yangu alizuia kile kidole kwa kiganja, akauliza, "Huyo ni nani?"

Mama akashangaa. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Akaeleza kwamba huyo alikuwa ndugu wa babu, mtu wa kwanza kijijini kununua baiskeli, ila hakujifunza breki, akawa anasimama kwa kuingia kwenye migomba ya watu.

"Yuko wapi?"

"Alikufa."

"Mwingine."

Akaitwa shangazi aliyeweza kusikia umbea wa Malaba akiwa amekaa Tororo. "Yuko wapi?" Alikufa. Akaitwa bibi aliyemzaba kofi mkusanya kodi kisha akampikia chai. Binti yangu alilipenda hilo, akataka lirudiwe, lakini bibi naye alikuwa amekufa. Ikawa hivyo, jina kwa jina, na watu wakasogea karibu, na wajomba wakaanza kumsahihisha mama kuhusu rangi ya baiskeli. Nilisikia habari za ukoo wangu ambazo sikuwahi kusimuliwa, kwa kuwa nilipopakatwa mimi sikuwa na meno wala maneno.

Mwishowe binti yangu akageuka, akamtazama mama usoni. "Wote wamekufa?"

"Wote."

"Hakuna mwenye yuko?"

Watu wakacheka, lakini yeye hakuwa anatania. Alimtazama mama kwa muda, paji lake pana limekunjana. "Nyanya, kwani wewe unaitwa nani?"

Sijui kwenu, lakini kwetu mwanamke wa umri wa mama yangu haitwi jina. Ni mama wa fulani, ni nyanya, ni mzee. Hata mimi mwanawe sijawahi kulitamka. Mama akalisema, polepole, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyohama zamani. Kidole kilikuwa bado na pombe. Binti yangu alikishika kwa mikono miwili, kikombe kikaanguka, akakiingiza mdomoni na kunyonya, na kwa kuwa ana meno na hajui kufanya jambo nusu, akauma.

Hapo ndipo palipopigwa vigelegele, na hapo ndipo nilipolia.

Mjomba alisimama tena. Akasema hiyo haiwezekani, mwenye jina yuko hai, jina haliwezi kukaa kwa watu wawili. Safari hii mama hakumkaripia. Alikuwa anakitazama kidole chake chenye alama za meno.

"Hawa wote nimeita," akasema, "walikufa bila kujua nani atachukua majina yao. Mimi najua. Nitamwona nakula, nakwenda shule, naolewa kama Mungu akipenda. Wewe mjomba, yako nani atachukua? Hujui. Basi kunywa pombe."

Mjomba alifikiria, akanywa.

Tangu siku hiyo wawili hao wanaitana Majina, kama wafanyavyo watu wa jina moja pande zetu. Jina lake la kwanza, lile alilokuja nalo, linabaki, mama mwenyewe alisema lisiguswe. Mama akipiga simu siku hizi hata hanisalimii. "Mpe Majina simu," ndiyo salamu yangu.

Lakini kitu ninachokikumbuka zaidi kilitokea baada ya vigelegele, kuku walipoiva. Watoto walikaa kwenye mkeka wao, mama akawagawia mwenyewe. Alipofika kwa binti yangu, alichagua kwenye sufuria kwa makini, akamwekea miguu miwili ya kuku, iliyokonda, yenye kucha.

Binti yangu akaitazama sahani. Akainua uso. "Majina, paja langu liko wapi?"

"Paja ni ya wageni," mama akasema, akampita, akamwekea yule dereva wa boda wa siku ile ya kufoka, aliyetuleta tena.

Mtoto alinung'unika kidogo. Kisha binamu yake akanyoosha mkono kuuiba mguu mmoja, naye akampiga kofi mkononi, akaanza kutafuna.